Wavu Umeshazama

Kabla sijajibu, wavu umeshazama. Mkono wa kulia wa kijana uko ndani ya tangi hadi kiwikoni, wa kushoto unapanua mfuko wa nailoni mwangavu, wa aina ambayo tangu marufuku ya Agosti 2017 huioni tena kwa muuza nyanya. "Mwalimu, nikufungie wangapi?" Hakuuliza kama ninanunua. Aliuliza wangapi. Na mimi, mtu mzima, mwenye mkoba wa madaftari ya kusahihisha begani, nikausikia mdomo wangu ukijibu: "Wawili."

Hivyo ndivyo nilivyonunua samaki wangu wa kwanza wa bahari, mjini Kisumu, zaidi ya kilomita 800 za barabara kutoka baharini.

Mimi ni mtu wa Msambweni. Ualimu ndio ulionileta huku, na miaka tisa sasa ninapanga Nyamasaria, si mbali na barabara kuu iendayo Ahero, mahali ambapo mvua ya masika ikizidi mto huja mlangoni bila kupiga hodi. Ziwa liko karibu. Lina upepo, lina mawimbi, lina machweo ambayo wageni huyafuata Dunga na kamera zao. Lakini halina chumvi, wala halipwi. Mtu aliyelelewa akihesabu siku za bamvua hulitazama ziwa kama anavyomtazama mtu asiyepumua. Bibi yangu alikuwa mchokoa pweza. Maji yakitoka naye alitoka nayo, kanga kiunoni, kijiti cha chuma mkononi, mimi nyuma na ndoo. Katika vidimbwi vya mwamba niliona mambo ambayo sijayaona tena penginepo: matumbawe ya zambarau, vitu laini vya kijani vikipunga kama vidole, visamaki vya buluu visivyozidi ukucha wa kidole gumba. Mwaka 1998, nikiwa na miaka kumi, bahari ilipochemka kwa El Niño, tulitoka siku moja tukakuta sehemu kubwa ya mwamba imekuwa nyeupe kama chokaa. Bibi hakusema neno. Aligonga tumbawe moja kwa kijiti chake, kama anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa, kisha tukaendelea na pweza.

Basi nilikitaka kipande kile sebuleni. Lita 120, si zaidi.

Duka lile lina matangi mengi ya maji baridi, samaki wa dhahabu na jamaa zao, na nyuma kabisa, chini ya taa ya buluu, tangi moja la maji ya chumvi. Taa hiyo ni mtego unaojitosheleza. Chini yake hata jiwe lina haiba. Kijana alinisoma tangu mlangoni. Alijua mimi ni mgeni wa mambo haya kwa namna nilivyoitazama taa badala ya kuyatazama maji.

Siku ile ya kwanza nilitoka na tangi, pampu, taa na ndoo ya chumvi ya kilo 20. Kila lita ya maji ya bahari hubeba chumvi gramu 35 hivi, kwa hiyo tangi langu lilihitaji kilo nne na ushei. Hesabu hiyo niliifanya nikiwa nyumbani, nimeketi juu ya ndoo yenyewe. Nilitoka pia na kipasha maji. Kisumu! Mji ambao mchana wa Februari mabati hulia kwa joto. Matumbawe hustarehe kwenye nyuzi 25 au 26. Sebule yangu saa nane mchana huyapeleka maji hadi 30 bila kusaidiwa na mtu. Ninachohitaji ni feni. Kile kifaa kiko droo ya jikoni na kadi yake ya dhamana, na kila stima inapopotea nikaenda kupapasa mshumaa, ndicho kinachonijia mkononi kwanza.

Nilimwuliza nisubiri siku ngapi kabla ya kutia samaki. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba kuna kusubiri. Akacheka kwa upole, kama daktari anayemtuliza mzee. "Mwalimu, hayo ni ya zamani. Leo weka chumvi, hii dawa ya maji tia vifuniko viwili, kesho ukuje uchukue samaki. Niamini." Kesho yake nilikwenda. Wavu ukazama.

Nilichofungiwa ni wale samaki wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, ambao filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003 iliwafanya watoto wa dunia nzima wawaombe wazazi wao. "Hawa wametoka Mombasa juzi," aliniambia. Mimi wa Msambweni niliyameza maneno hayo mazima, tena kwa fahari, kana kwamba nimeletewa ndugu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba aina ile, Amphiprion ocellaris, haiishi katika maji ya Kenya. Kwao ni mashariki ya Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki, na siku hizi wengi huzalishwa matangini. Wa kwetu ni wengine, akiwemo Amphiprion allardi, mwenye mwili wa hudhurungi iliyoiva na mkia mweupe. Huyo bibi angemtambua.

Siku ya tatu walianza kupumua kwa haraka. Samaki mzima hufungua na kufumba matamvua yake taratibu, hata humwoni. Hawa walikuwa wakihema juu kabisa ya maji, karibu na mdomo wa pampu, kama watu waliojazana kwenye dirisha moja la matatu. Kingo za matamvua zilikuwa nyekundu. Wa kwanza alikufa siku ya nne, wa pili siku ya sita, akiwa ameegemea kioo kwa ubavu, jicho lake moja likiwa bado linanifuata nikipita.

Kilichowaua hakina rangi. Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua, na kinyesi na mabaki ya chakula huiongeza. Baharini hupotea. Katika lita 120 hurundikana ikawa sumu, isipokuwa wawepo bakteria wa aina fulani wanaoila na kuigeuza nitriti. Nitriti nayo ni sumu, mpaka bakteria wa aina nyingine waigeuze nitrati, ambayo samaki anaweza kuivumilia ikiwa maji yanabadilishwa mara kwa mara. Mrusi Sergei Winogradsky alianza kuwaeleza viumbe hawa mwaka 1890. Huota kwenye mawe na mchanga polepole, wiki nne, wiki sita, wakati mwingine nane. Zipo chupa za bakteria zinazouzwa, na nyingine husaidia kweli, ila hakuna chupa inayomwondolea mtu kazi ya kupima maji. Dawa yangu ya vifuniko viwili, nilipoisoma lebo kwa utulivu, ilikuwa ya kuondoa klorini ya bomba. Nami nilikuwa nimetumia maji yaliyochujwa, mitungi sita ya lita 20 niliyoijaza kwa muuza maji wa jirani. Hapakuwa na klorini ya kuondoa.

Nilirudi dukani nikiwa na kesi kichwani. Nilitoka nikiwa na anemoni.

Sijui hata niielezee vipi. Kijana alinisikiliza kwa huzuni isiyo na dosari, akatikisa kichwa, akasema wale samaki walikufa kwa upweke: walikosa mnyama wao wa kujificha. Akanionyesha kiumbe kama ua, mikono laini ikipepea chini ya taa ya buluu, na alikuwa wa mwisho, na kuna daktari mmoja wa Milimani amempigia simu asubuhi akimtaka. Yule daktari wa Milimani! Nadhani kila duka linaye wake. Anemoni huhitaji tangi lililokomaa kwa miezi mingi. Wangu aliyeyuka kwa siku tatu, na harufu yake ilimfanya mama mwenye nyumba aje kuuliza kama bomba la choo limepasuka.

Nimekuwa nikijiuliza tangu hapo ilikuwaje. Mimi si mtu wa kuonewa kirahisi. Kwenye stendi ya Nyamasaria mimi huvutwa mkoba kila Jumatatu na makanga wawili wanaotaka kuniingiza kwenye matatu mbili tofauti, na hunyanyua tu kidole nikapita. Sokoni nanunua samaki kwa mama mmoja tunayemwita Nyar Kano, na kama kuna mtu anayejua kumsukuma mteja ni yeye. "Japuonj, kuja hapa! Hii ni ya ziwa, si ile ya China ya friji!" Anakukamata mkono, anakulaumu kwa kupotea wiki nzima, anamwita jirani awe shahidi kwamba umemtupa. Lakini akisha kunikamata mimi huinama, huinua shavu la ngege kwa kidole gumba, na huangalia matamvua. Yakiwa mekundu tunaanza bei. Yakiwa ya kijivu namwambia, "Mama, huyu amelala," naye hucheka, hufunika na gunia, na hutoa mwingine kutoka chini. Hakuna anayekasirika. Kelele zote za Nyar Kano zinajua kwamba mwisho wake ni kidole changu.

Kule chini ya taa ya buluu sikuwa na kidole. Kile nilichokuwa nikikitazama sikujua sehemu yake ipi huinuliwa. Na aibu ya kutojua ni kitu kizito kwa mwalimu. Kila kijana alipotaja kifaa kipya nilitikisa kichwa kana kwamba tulikwisha kujuana, na kila kutikisa kichwa kulinigharimu. Shinikizo la duka nisingeliita nguvu ya muuzaji. Kijana yule hakuwahi kunishika mkono wala kunipandishia sauti. Alinikuta nimeshajifunga mwenyewe kwa kuona haya, akashika ncha ya kamba.

Isitoshe, sisi hatujui kukataa. Pwani nilikokulia, "la" ni neno la kitabuni. Mtu asiyetaka kununua husema "nitarudi," na muuzaji, anayejua fika kwamba harudi, hujibu "karibu sana," mambo yakaisha kwa heshima pande zote. Nimeishi na neno hilo vizuri miaka yote. Dukani kwa kijana lilikufa. "Nitarudi," nilimwambia siku ya anemoni. Akajibu, "Sawa mwalimu, lipa kidogo nikuwekee." Simu ikatoka mfukoni, namba ya till ikasomwa, na adabu yangu yote ya miaka ikageuka arbuni. Methali ya haraka na baraka nimeifundisha Kidato cha Pili mara tisa. Haikunisaidia hata kidogo.

Nikiwa nimetoa maiti zote na kuanza upya, safari hii tangi likiwa na mawe na maji matupu, nilipata wiki nyingi za kukaa jioni bila la kutazama. Nikasoma habari za ziwa. Nilikuwa nimelidharau kwa kutokuwa bahari, na sasa nikaona kwamba hadithi yangu ilikuwa imeshatokea humo kwa kipimo cha kutisha. Mwingereza Michael Graham, aliyeongoza uchunguzi wa uvuvi wa ziwa mwaka 1927 na 1928, aliandika katika ripoti yake ya 1929 kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine ni hatari kubwa pasipo utafiti wa kina kwanza. Lakini wakuu wa uvuvi walikuwa wakiwatazama fulu, wale samaki wadogo wenye miiba waliojaa ziwani, na wakaona hasara: nyama kidogo, bei ndogo. Wakati Geoffrey Fryer anaandika makala yake ya kupinga mwaka 1960, wavu ulikuwa umeshazama. Mbuta, samaki mkubwa mla wenzake, alikuwa ametiwa ziwani upande wa Uganda tangu 1954, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaongezwa wengine, na hapa Kisumu pia.

Miaka ishirini hivi kukawa kimya, kama siku zangu mbili za mwanzo. Kisha mbuta, anayeweza kufikia urefu wa mita mbili, akajaa ghuba yetu ya Winam na baadaye ziwa zima. Fulu walikuwa zaidi ya aina 500, waliotokea ndani ya ziwa hili hili kwa muda ambao wanasayansi wengi wanaukadiria kuwa miaka 15,000 hivi, muda mfupi mno kwa kazi ya namna hiyo. Kufikia miaka ya 1980 aina zipatazo 200 zilihofiwa kuwa zimetoweka. Mbuta hakuwa peke yake. Maji yalikuwa yakichafuka, kina kikipungukiwa na hewa. Na siwezi kumlaani nikaishia hapo. Alileta viwanda vya minofu, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na Kisumu ikabaki na mifupa yenye nyama kidogo, mgongo wazi, ambao akina mama wa Obunga wanaukaanga na kuuza. Nimeula mara nyingi. Nitaula tena.

Lililonikaa ni jambo dogo zaidi. Fulu kadhaa wanaendelea kuishi leo katika matangi ya kioo ya watu wa Ulaya na Marekani wanaowazalisha kizazi baada ya kizazi: buluu, manjano, wekundu wa makaa. Na samaki wa mapambo wa Pwani yetu, wanaokamatwa na wapiga mbizi kwa nyavu ndogo, nao wengi hupanda ndege kwenda huko huko. Mimi nimekaa Nyamasaria, katikati ya ziwa na bahari, natumiwa samaki wa Pasifiki na kuambiwa ni wa Mombasa.

Nilirudi dukani wiki ya saba. Safari hii sikutazama taa. Nilivuta kibao nikaketi mbele ya tangi la chumvi, nikasema, "Nataka kuwaona wakila."

Kijana alisita. "Wamekula asubuhi."

"Basi nitangoja wale tena."

Aliondoka akahudumia watu wawili, akarudi, akanikuta palepale. Ndipo akatupa chembe chache za chakula. Samaki mmoja alizifuata hadi mchangani. Mwingine alizitazama zikimpita puani. Sote wawili tuliona. "Huyo anaumwa," nilisema. Kijana aliegemea kaunta, na kwa mara ya kwanza akazungumza bila kuniita mwalimu. Alisema hulipwa kidogo na kuongezewa kwa anachouza. Alisema tangi lile la chumvi linamla: wanakufa wanne katika kumi kabla hawajapata mnunuzi, na akiwalaza wiki nzima hasara inarudi kwenye mshahara wake. Hakuwahi kufundishwa mambo ya amonia. Ile dawa, aliambiwa na aliyemwuzia kwamba maji yanakuwa tayari.

Sikuwa na la kumwambia. Nilikuwa nimeingia nikiwa nimepanga maneno makali, tena kwa ngeli sahihi, nikayaona hayana mahali pa kutua. Mtu anayefukuzwa na kifo cha bidhaa yake lazima akukimbize. Hilo halirudishi samaki wangu wala anemoni, na kipasha maji sijasamehe. Lakini nilimwachia karatasi niliyoandika jinsi ya kupima amonia na nitriti, naye akaikunja akaitia mfuko wa shati, si kwenye kapu la taka. Nimeyahesabu hayo.

Nilipoinuka alikuwa na wavu mkononi. Mazoea tu, nadhani. "Yule anayekula nikufungie? Nitakutolea mia tano."

Nilivuta pumzi. Nikasema: "Leo sinunui."

Alinitazama kidogo, akauanika wavu kwenye msumari wake.

Hii ni wiki ya kumi na moja. Vipimo vya amonia na nitriti vimesoma sifuri kwa siku kumi na mbili mfululizo, feni inazunguka, maji yako nyuzi 26. Ndani mna mawe, mchanga na konokono watatu, na usiku nikimulika tochi naona kwenye jiwe la kushoto vitu vyeupe vidogo, kama nyuzi, ambavyo sikuvinunua kwa mtu. Samaki bado.